Damu ya Mjomba Ibouroi

Mimi ni mpima damu. Nimeifanya kazi hii tangu niliporudi kutoka Dar es Salaam, nilikopelekwa kusomea maabara, na sina jambo jingine ninalolijua vizuri kuliko hili. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu wa kunitafutia udhuru wa ujinga. Nilijua nilichokiona ndani ya kile kichupa, nikanyamaza.

Ilikuwa mwaka 1984, mjini Moroni. Wale mamluki wa kizungu walioipindua serikali miaka sita nyuma walikuwa bado wapo, wakipita na magari yao ya jeshi kana kwamba mji wote ni uwanja wa nyumba yao, nasi tulishazoea kuwapisha barabarani na kuendelea na mazungumzo yetu. Mazungumzo yenyewe, mwaka ule katika nyumba yetu, yalikuwa ya jambo moja tu: anda ya mjomba wangu Ibouroi.

Anda ni ndoa kuu. Huku kisiwani kwetu Ngazidja mwanamume anaweza kuoa, kuzaa, hata kuota mvi, lakini kama hajafanya anda bado anahesabiwa mtoto. Pale bangwe, kwenye uwanja ambako wanaume wanakaa kuamua mambo ya mji, anakaa nyuma, hasemi mpaka aulizwe, na nyama ya sherehe ikigawiwa anapewa fungu la mwisho. Mjomba Ibouroi alikuwa na miaka hamsini na miwili, anauza vitambaa sokoni Volo Volo, na alikuwa amejiandaa kwa miaka ishirini. Bibi harusi alikuwa Hakima, mke wake yule yule aliyemwoa zamani kwa ndoa ndogo na kuzaa naye watoto wanne. Mama yangu, Moina, ndiye dada yake wa pekee. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa mjomba ni nani: baba alinizaa, lakini mjomba ndiye aliyenisomesha, na yeye ndiye ambaye ningemrithi.

Wiki mbili kabla ya sherehe alianza kulalamika tumbo. Kila akila chakula kizito linamkaza chini ya kifua, na kiu haimwishi. Viwikoni alikuwa na vipele vidogo vya manjano ambavyo yeye alivihesabu kuwa ni mbu. Nikamvuta hospitalini kwa Daktari Chanfi, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Dakar. Daktari aliviangalia vile vipele kwa muda mrefu, akaniagiza nimtoe damu Jumatatu asubuhi, akiwa hajala chochote tangu jana yake jioni.

Nikaitoa, nikaiweka kwenye mashine ya kuizungusha. Damu ya mtu mzima wa afya ukiizungusha hivyo, chembe nyekundu zinazama chini na juu yanabaki maji ya manjano, unaweza kusoma gazeti kupitia humo. Ya mjomba ilitoka nyeupe. Nyeupe kabisa, mfano wa tui la kwanza la nazi. Nilidhani kichupa kilikuwa kichafu, nikazungusha kingine, mambo yakawa yale yale. Nikakitia kwenye friji, na Jumanne asubuhi nikakuta utando mzito wa mafuta umeelea juu.

Daktari Chanfi alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akapiga mluzi. Alikuwa anasubiriwa na gari la kwenda uwanja wa ndege, maana alikuwa na kazi ya siku sita kule Mutsamudu, kisiwani Nzuani, kwa hiyo alinieleza akiwa amesimama. Mafuta tunayokula, alisema, huvunjwa tumboni yakawa asidi ndogo ndogo, zikapakiwa ndani ya damu na kupelekwa kwenye misuli. Huko zinachomwa, zinatupa nguvu. Zinazozidi huwekwa chini ya ngozi, akiba ya siku ya njaa. Insulini, inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayotoa amri: sasa weka, sasa toa. Kwa mtu kama mjomba wako, amri inatolewa lakini mwili hausikii. Akiba inavuja mchana na usiku, zile asidi zinarudi kwenye ini, nalo ini linazigeuza kuwa mafuta tena na kuyasukuma kwenye damu. Wali na sukari vikizidi, ini hilo hilo linavigeuza mafuta pia. Basi damu imeshajaa, na mafuta ya chakula kipya yakija hayana pa kushukia.

Kisha akanipa maagizo. Nimwambie siku hiyo hiyo. Nyama ya mafuta, samli, tui, asali, keki, vyote avisahau. Ale samaki wa kuchoma na kipande cha muhogo wa kuchemsha mpaka yeye atakaporudi.

"Mwambie bila kumficha, Saandi," alisema. "Akila karamu na damu hii, kongosho litaanza kujila lenyewe. Watu wanakufa kwa hilo."

Alasiri nikaenda nyumbani kwa mjomba, mtaa wa Badjanani, na nia yangu ilikuwa njema. Nilimkuta ukumbini na wazee wanane wa bangwe waliokuja kupanga mafungu ya nyama. Ng'ombe walikuwa wameshafungwa nyuma ya nyumba. Mimi sikuwa nimefanya anda, hivyo sikuwa na pa kukaa mle. Nilitoa kwezi, salamu ya mdogo kwa wakubwa, nikapewa birika na beseni niwanawishe mikono. Nilipofika kwa mjomba, akanitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, akaniuliza mbele ya wote hospitali imesema nini.

Nikasema, "Safi, mjomba. Hakuna neno."

Nimejaribu mara nyingi kulipamba jibu lile. Kwamba mtoto hawezi kumwambia mkubwa mbele ya wenzake kuwa siku yake ya kuwa mtu kamili atakaa kitako mbele ya nundu ya ng'ombe asiiguse. Kwamba bwana harusi wa anda akikataa chakula cha wakwe, amewatukana. Kwamba nilinuia kumwambia baadaye tukiwa wawili. Yote ni kweli, na yote ni upuuzi. Ukweli mwingine ni huu: katika familia anda hufuata zamu. Mjomba asipopita, mimi sipiti. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nimemchumbia Saoudat kwa miaka minne, na sherehe ile ikiahirishwa, haingefanyika tena karibuni. Nilikuwa naitaka anda yake kwa ajili yangu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, na hata leo nikiliandika masikio yananiwaka.

Mjomba akapiga paja lake, akawaambia wazee kuwa damu yake ni ya kijana wa miaka ishirini. Wakacheka. Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa unaijua damu safi ya Ibouroi. Sasa ili nimwambie kweli ilinibidi kwanza niseme kuwa nimemdanganya mbele ya wazee wa bangwe, na kila saa iliyopita ililifanya neno lile kuwa zito zaidi. Jumatano nikasema kesho. Alhamisi ng'ombe wakachinjwa.

Ijumaa aliingia nyumbani kwao bibi harusi kwa shangwe, na kwa desturi yetu akiingia hatoki kwa siku saba. Anakaa kitandani kama sultani, analishwa. Wakwe wanaleta vyao, na upande wa bwana harusi nao hauachi. Dada wa bwana harusi ndiye mwenye heshima ya kumpelekea ndugu yake kifungua kinywa, na mama yangu alikuwa ameingoja heshima hiyo tangu akiwa msichana. Kila asubuhi alipita na sinia kichwani: wali wa tui, nyama ya nundu, samli iliyochanganywa na asali, maziwa, mikate ya mayai. Amevaa leso mpya, wanawake wanampigia vigelegele. Mimi nilikuwa nikisimama pale kona ya msikiti kabla ya kwenda kazini, na kila asubuhi nilimsalimia akipita.

Nilijiambia madaktari wa Dakar wanapenda kutisha watu. Nilijiambia mengi.

Jumatatu, siku ya nne, walimleta mjomba hospitalini juu ya godoro. Maumivu yalikuwa yanamchoma tumboni mpaka mgongoni, anatapika, tumbo limekakamaa kama ubao. Nilimtoa damu mwenyewe, na safari hii sikuhitaji mashine yoyote, maana ilitoka mshipani ikiwa na rangi ya waridi, kama damu iliyotiwa maziwa. Daktari Chanfi alifika kutoka uwanja wa ndege na begi lake mkononi. Mama alikuwa kando ya kitanda, na Hakima, na wazee wawili wa bangwe. Mimi nilisimama mlangoni, kichupa mkononi.

Daktari alikuwa na hasira ya mtu aliyeonya. Alimuuliza mgonjwa amekula nini, Hakima akataja. Akageuka kwa mjomba.

"Saandi hakukwambia?"

Mjomba aligeuza kichwa taratibu mpaka akanipata pale mlangoni. Alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na hakukuwa na mzee wala desturi ya kunizuia.

"Aliniambia, daktari," mjomba akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Mama aliinuka. Sijawahi kumsikia akimpazia ndugu yake sauti, na siku ile hakumpazia. Alisema chini chini, na ilikuwa mbaya zaidi.

"Ulijua, kaka, ukaniacha nikulishe?"

Mjomba alifumba macho.

Hakufa. Alikaa wodini wiki tano, akatoka amebaki ngozi na mifupa, na kongosho lake likiwa limeungua kiasi kwamba sukari ilimkaa damuni na ikabidi adungwe insulini kila siku. Kule bangwe alikuwa sasa mtu kamili, mwenye haki ya kukaa mbele na kusema. Lakini kila aliposimama kusema, watu walibana midomo wasicheke. Walimpa jina, Mzee Sinia: mtu aliyeambiwa na mpwa wake mwenyewe kuwa chakula kitamuua, akala. Miaka ishirini ya kujiandaa ikaishia kwenye mzaha huo. Mama naye aliapa hatakanyaga nyumbani kwake. Ndugu yake, alisema, amemfanya abebe sumu kichwani huku akipigiwa vigelegele.

Na mimi nikasifiwa. Wauguzi walinitaja kama mfano, wazee walimpongeza mama kwa kijana mwenye elimu na ujasiri, na mama alijivunia kwa uchungu. Niliyapokea yote. Nilikuwa nikiinamisha kichwa, na watu wakasema tazama, ana unyenyekevu pia. Njia ya anda yangu ilikuwa wazi sasa, lakini kila familia ya Saoudat ilipouliza tarehe nilisema mwakani. Nafasi ya kazi ilipotokea katika hospitali ya Mutsamudu, niliiomba kabla mwingine hajaisikia.

Nilikaa Mutsamudu miaka miwili. Watu wa Nzuani waliucheka usemi wangu wa Kingazidja, nami nikashukuru, kwa kuwa mtu anayechekwa kwa lafudhi haulizwi mengine. Kutoka dirisha la maabara niliziona meli bandarini, na wapakuzi walikuja kwangu na vidole vilivyobanwa, wakinisimulia mizigo. Nilipima damu kwa uangalifu wa kichaa. Majibu niliwasomea wagonjwa mimi mwenyewe, uso kwa uso, hata pale ambapo haikuwa kazi yangu.

Siku moja ya mwaka 1986, saa tatu asubuhi, Mjomba Ibouroi aliingia mlangoni. Alikuwa ameshuka na feri kutoka Moroni, amepanda kutoka bandarini kwa miguu, na mkononi ana chupa ya chai ambayo ndani yake alihifadhi insulini yake kwa barafu. Nilisimama nikatoa kwezi. Akaitikia, akakaa, akasema amekuja kupimwa damu na hajala tangu jana jioni.

Nikamwambia Moroni kuna maabara.

"Najua," akasema, akakunja mkono wa kanzu.

Nikamtoa damu. Mashine ikizunguka, yeye alitazama bandari, mimi nikatazama saa. Nilipokitoa kile kichupa nilikaribia kulia. Juu ya wekundu palikuwa na maji ya manjano, safi. Miaka miwili ya samaki wa kuchoma, muhogo kidogo, majani yaliyochemshwa bila tui, na kupanda kwa miguu kutoka Volo Volo mpaka kijiji cha Mvouni kila asubuhi mpaka wauzaji wa mboga wakamzoea. Misuli yake ilikuwa imejifunza upya kuchoma kile ilichopewa. Nilimwonyesha mwangani.

"Safi?" akauliza.

"Safi, mjomba."

"Safari hii nikuamini?"

Aliuliza bila ukali, na mimi nikakaa chini kwenye sakafu ya maabara kama mtoto. Nikasema yote niliyopaswa kusema, mpaka lile la kuitaka anda yake kwa ajili yangu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akanieleza, kwa utulivu ambao ulinichoma kuliko kofi, kwamba siku ile ya birika alikuwa ameniamini kabisa. Alijua pale tu daktari alipouliza na mimi nikatazama sakafu. Angesema hapana, ningefukuzwa kazi siku hiyo na kuitwa muuaji mpaka nizeeke. Yeye alikuwa na siku tatu tangu awe mtu kamili, akafikiri jina lake sasa lina uzito wa kutosha kulibeba jambo lile.

"Bangwe sijali," alisema. "Wakichoka na mimi watapata mwingine wa kumcheka. Lakini Moina sikumfikiria. Dada yangu ananipita njiani bila salamu, miaka miwili sasa. Nikimwambia mimi, ataona namsingizia mwanawe. Maneno haya yana mwenyewe."

Nikambusu mkono. Hakuuvuta, na hakusema amenisamehe. Aliomba chai bila sukari, akanywa, akaniuliza bei ya samaki Mutsamudu, akarudi na feri ya alasiri.

Ungedhani nilipanda naye feri ile ile. Nilichelewa siku kumi na moja. Mara kazi nyingi, mara bahari chafu. Siku ya kumi na mbili nilijichukia kiasi kwamba nilishuka bandarini bila begi, nikapanda feri ya Moroni.

Nilimkuta mama uani asubuhi, anamenya ndizi mbichi, nazi iliyokunwa iko kando kwenye bakuli. Alifurahi kuniona, akaanza kuniuliza habari za anda yangu, na Saoudat, na lini. Nikamwambia aniache niseme. Nilisema nikiwa nimesimama, kuanzia kichupa cha kwanza mpaka kile cha mwisho. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye lile jibu la wodini, kisu kikasimama.

"Yale masinia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kila asubuhi nilikupita pale kona. Ukinisalimia."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nipite."

Nilingoja anipige, anilaani, alie. Lolote kati ya hayo ningelishukuru. Aliniuliza kitu kimoja tu: ndugu yake anakula nini siku hizi. Nikamwambia. Akalichukua lile bakuli la nazi akaliweka mbali, juu ya ukuta. Akachemsha ndizi tatu kwa maji na chumvi, akageuza samaki juu ya makaa mpaka mafuta yake yakadondoka yote, akavipanga kwenye sahani na kuifunika kwa kitambaa safi. Akajifunga leso, akaiweka sahani juu ya sinia.

Niliinama kulichukua, maana mtoto wa kiume hamwachi mama yake abebe mzigo barabarani yeye akienda mikono mitupu.

"Wewe usikiguse chakula chake," akasema.

Akalinyanyua mwenyewe, akatoka kuelekea Badjanani, na mimi nikabaki uani.